Babu Asiye na Udongo Miguuni

Wiki iliyopita fundi alikuja nyumbani kwangu kumtengenezea mdogo wangu kitanda. Alipoanza kukata plaiwudi pale verandani, harufu ya mbao mpya na gundi iliingia hadi jikoni, nami nikajikuta nimesimama na sahani tupu mkononi. Wenzangu wa rika langu harufu hiyo huwakumbusha madawati ya shule. Mimi hunirudisha Doha, kwenye sanduku moja refu ambalo sikuwahi kuliona kwa macho, lakini lilinitia hofu kuliko kitu kingine chochote nilichokutana nacho utotoni.

Tuliishi Muaither, pembeni mwa Doha, katika nyumba kubwa ambayo mwenye nyumba aliikatakata vipande ili apangishe familia nyingi. Sisi tulipata vyumba viwili na jiko ambalo mtu mmoja akigeuka, mwenzake lazima atoke. Mama alikuwa nesi, na viza ya familia ilikuwa yake, jambo ambalo hakumwacha baba alisahau. Baba alikuwa mlinzi katika jumba la makumbusho. Kabla hatujamfuata alikuwa amekaa miaka kule Industrial Area, eneo la mabweni ya vibarua, chumba kimoja na wanaume wengi, na hata alipopata kitanda chake mwenyewe aliendelea kulala ukingoni, kama mtu anayewaachia wengine nafasi. Mama ni Mtaita, baba ni Mgiriama, na waliitana hivyo hivyo, Mtaita na Mgiriama, wakipatana na wakigombana. Ilikuwa juu yetu kujua ni siku gani kati ya hizo mbili.

Kazi ya baba ilikuwa kusimama. Alisimama kwenye kona ya ukumbi, suti nyeusi, mikono mbele, na kuhakikisha hakuna mtu anayegusa kitu. Jioni aliniletea karatasi za rangi ambazo wageni walipewa mlangoni: upande mmoja maonyesho yaliyopo, upande wa pili yanayokuja. Mimi nilizibandika kwenye friji kwa sumaku na kuzisoma kama watoto wengine wanavyosoma hadithi. Ndivyo nilivyojifunza kwamba vitu vya pale vilikuwa wageni. Huja kwa ndege, husimama miezi michache, halafu hufungwa masandukuni na kwenda zao. Mazulia yalikuja yakaenda. Picha za jangwani zikaja zikaenda. Sikuona ubaya wowote katika mpango huo.

Kisha akazaliwa mdogo wangu. Kwa Wagiriama mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hiyo akaitwa Karisa, jina la babu aliyekufa zamani kabla sijazaliwa. Siku mama alipotoka naye hospitalini, baba alipiga magoti mbele ya kile kitoto kilichofungwa kama andazi, akasema, "Baba, umerudi? Karibu." Tangu hapo hakumwita kwa jina lingine ila Baba. Mama naye, kwa utani, akamwita baba mkwe. "Mgiriama, hebu mshike baba mkwe, amechafua nepi." Wageni waliokuja kumwona mtoto walicheka sana.

Mimi sikucheka. Sikujua kuwa ule ulikuwa utani. Kama mama yangu, mwanamke aliyesoma na kuvaa saa ya kinesi kifuani, anamwita mtoto baba mkwe, mimi ni nani wa kubisha? Niliamini babu amerudi, amechoka safari, ndiyo maana analala mchana kutwa. Niliposhika zamu ya kumbembeleza nilimwamkia shikamoo kwanza.

Maonyesho yaliyofuata kwenye karatasi ya friji yalitoka Amerika. Jumba moja la sanaa la huko lilikuwa linaazimisha vitu vyake vya Afrika: vinyago, vigoda, nguo za magome, na mbao za kuchongwa. Baba alifurahi. "Sasa nitasimama na watu wa nyumbani," alisema. Alipangwa ukumbi ule maonyesho yakiwa yamebakiza wiki chache, na siku ya kwanza alirudi, akakaa mezani bila kuvua viatu, na chakula kikapoa mbele yake. Mama alimtazama kwa jicho la kinesi.

"Unaumwa?"

"Baba yuko kule," alisema.

Mama akadhani anamzungumzia mtoto. "Baba mkwe yuko hapa, anakula mguu wake."

"Sio huyu. Kigango chake. Wamekiweka ukumbini kwangu, karibu na mlango. Wamemchomeka chuma miguuni, Mtaita. Hana hata kiganja kimoja cha udongo."

Nilikuwa kwenye mkeka na Karisa. Habari za kigango nilizijua, baba alikuwa amenisimulia. Mzee mwenye heshima akifa, baada ya muda huwatokea wanawe ndotoni akilalamika kwamba analala vibaya. Basi huchongewa ubao mrefu wenye kichwa cha duara, husimamishwa karibu na boma, na ubao ule ndio yeye. Humwagiwa pombe ya mnazi, huambiwa nani ameoa na nani anasafiri. Hahamishwi. Familia ikihama, yeye huachwa palepale. Cha babu kiliibwa mchana mmoja watu wote walipokuwa matangani, na tangu siku hiyo jambo lolote baya lililotokea kwa kina baba, mbuzi kufa au mimba kutoka, lilihesabiwa kwenye wizi huo.

"Vigango vinafanana," mama alisema.

"Babangu namjua. Begani ana jeraha la panga. Kaka alikuwa akifyeka majani, panga likamteleza. Nilikuwepo."

"Na mbao ngapi duniani zina jeraha la panga? Sisi kwetu Taita wazee walikuwa wakiweka mafuvu ya babu zao pangoni. Wakaja watu wa kanisa, tukaacha. Mbona hatukufa?"

"Nyinyi mliacha wenyewe," baba alisema. "Huyu aliibwa."

Mama alichukua sahani ya baba akaipasha moto tena. Kisha akasema kwamba Ijumaa tutakwenda sote, ili amwonyeshe kuwa ule ni ubao tu.

Mimi nilikuwa na shida nyingine, na hiyo sikumwambia mtu. Kama babu yuko kwenye jumba la makumbusho, basi huyu aliyelala mkekani ni nani? Nililipigia hesabu swali hilo kwa akili ya mtoto wa darasa la tatu, nikafikia jawabu ambalo lilionekana halina kasoro: babu ni mmoja, ila amekaa sehemu mbili. Kipande kiko kwenye ubao, kipande kiko ndani ya Karisa. Na vitu vya maonyesho hufungwa masandukuni vikarudishwa. Nilikwenda kwenye friji, nikaitazama ile tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi, na tangu dakika hiyo hofu ikahamia kwangu na kupanga chumba.

Ijumaa tulikwenda. Mama alimfunga Karisa mgongoni kwa leso, nami nikamshika mama mkono ingawa nilikuwa nimeshajiona mkubwa. Ndani kulikuwa baridi na giza, taa ndogo zikimulika kitu kimoja kimoja, na watu wakinong'ona utadhani kuna mgonjwa. Baba alikuwa amesimama kwenye kona yake. Alitutazama kama alivyowatazama wageni wengine wote, kwa sababu kazini hairuhusiwi kuamkiana na jamaa. Sijui kama amewahi kujua jinsi nilivyoumia. Nilimwona mtu mwenye uso wa baba na ndani yake hakuna baba.

Kigango kilikuwa kirefu kuliko mama. Ubao mwembamba uliopauka, pembetatu ndogo ndogo zimechongwa toka shingoni hadi chini, rangi nyekundu imebaki kwenye mifereji tu. Kichwa kilikuwa duara, hakina macho, na kilinitazama. Begani palikuwa na kovu. Chini, mahali pa miguu, palikuwa pameoza, na chuma kimeingizwa pale kumshikilia. Kando yake kibao kidogo kilisema mchongaji hajulikani, jina la mzee halijulikani. Nikataka kumwambia mtu kwamba anaitwa Karisa.

Mdogo wangu alikuwa akilalamika tangu mlangoni. Tulipofika mbele ya ubao alinyamaza ghafla. Akachungulia pembeni mwa bega la mama, akacheka kile kicheko chake cha ufizi, akanyoosha mkono.

Mama alitoka mbio. Hakukimbia, watu wazima hawakimbii mahali kama pale, lakini kiganja changu kiliumia jinsi alivyonivuta. Nje kwenye jua aliketi kwenye ukuta mfupi, akamtoa mtoto mgongoni, akamgusa paji la uso, akamgusa tena.

"Ni joto tu," alisema. Hakuwa akizungumza nami.

Haikuwa joto tu. Siku chache baadaye Karisa alishikwa na homa na kikohozi kilichomfanya ajikunje kama karatasi inayoungua. Mama alimpa dawa, akamfuta kwa kitambaa cha maji, akahesabu pumzi zake huku midomo ikimcheza. Homa ilishuka, ikapanda. Baba alikuja kutoka kazini akakaa kitandani na kumwambia, "Baba, tafadhali." Basi, hayo tu. Niliposikia mtu mzima anamwomba mtoto mchanga, nikajua mambo yamefika pabaya.

Walimlaza katika hospitali alikofanya kazi mama. Njiani, kwenye nguzo za taa, niliona mabango ya maonyesho ya Amerika yakiteremshwa. Wafanyakazi wawili walikuwa kwenye ngazi, mmoja akikunja la zamani, mwingine akifungua jipya lenye picha ya vyombo vya kioo. Yanayokuja. Niliyafunga macho hadi tulipolipita la mwisho. Nilidhani nisipoyaona labda hayatakuja.

Usiku sikulala nyumbani. Manesi wenzake mama walinifanyia hisani nikalala kwenye kiti karibu na kitanda cha Karisa. Asubuhi baba alipita kabla ya kwenda kazini. Walizungumza mlangoni, na mimi nilijifanya nimelala, ujuzi ambao watoto wa vyumba viwili wote wanao.

"Leo wanafungasha," baba alisema. "Wamenipanga nyuma, kwenye lango la mizigo. Watamlaza chali sandukuni, wapige skrubu."

"Nenda kazini," mama alisema. "Hapa nipo mimi."

"Na huyu?"

"Nimesema nenda."

Baba akaenda. Mimi nikafungua macho, na tangu hapo sikuyaondoa kwenye kifua cha Karisa. Kilikuwa kinapanda na kushuka haraka, ngozi ikiingia katikati ya mbavu kila alipovuta. Mrija ulikuwa puani. Niliwaza sanduku. Niliwaza kifuniko kikija juu ya ule uso usio na macho, giza likiingia, na hewa ikiisha pole pole. Na nilikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba skrubu ya mwisho ikikaza, kifua hiki kitasimama. Niliweka kiganja changu juu yake. Niliogopa kukiondoa hata mama aliponiletea chai ya maziwa na mkate.

"Kunywa chai."

Nikatikisa kichwa.

"Wewe, mbona umemkandamiza mtoto?"

"Mama," nikasema, "wakimfunga kule, huyu atapumua?"

Nilitegemea kofi la mgongo, au mahubiri ya Jumapili, kwa sababu mambo hayo kwa mama yalikuwa upagani wa upande wa pili. Badala yake akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniuliza ni nani aliyeniambia hivyo. Nikamwambia hakuna. Nikamweleza yote: babu mmoja, sehemu mbili, sanduku, ndege. Nilieleza nikilia, kamasi zikichanganyika na maneno. Mama hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, na leo ninaelewa kwamba alikuwa amekesha akiwaza kitu kile kile nilichowaza, ila yeye alikuwa na aibu ya kukisema.

Akatoa simu, akampigia baba. Walinzi hawaruhusiwi simu wakiwa kazini, lakini siku hiyo baba alikuwa nayo mfukoni na alipokea kabla haijaita mara ya pili. Nadhani alidhani ni habari ya msiba.

"Yupo," mama alisema haraka. "Anapumua. Mgiriama, wamefunga?"

Nilisikia sauti ya baba kwa mbali, na nyuma yake watu wakizungumza Kiingereza, na mlio wa mashine.

"Wamemlaza. Wanaleta kifuniko."

"Mtu anaposafiri kwenu, si huagwa?"

Upande wa pili mashine iliendelea kulia.

"Nakuuliza. Si huagwa?"

"Huagwa."

"Basi nisogeze. Weka simu karibu naye."

Sijui baba aliwaambia nini wale wageni wa glavu nyeupe. Baadaye alisema kulikuwa na mama mmoja wa Kimarekani aliyeshika kifuniko upande mmoja, akamwona mlinzi anapiga goti na simu mkononi, akawaashiria wenzake wasubiri. Hakuuliza kitu. Nilichosikia mimi ni kwamba zile sauti kwenye simu zilikoma.

Mama alisimama. Alikuwa na ile sare yake ya juzi iliyokunjamana, na alijifunga leso kiunoni juu ya sare, kwa sababu mkwe hasemi na baba mkwe hivi hivi. Akainamisha kichwa kana kwamba mzee yuko mbele yake.

"Baba mkwe, shikamoo," alisema. "Hatukuwahi kuonana vizuri. Ni mimi, mke wa mwanao. Siku ile nilikupita bila salamu, nisamehe, niliogopa. Mnazi sina, huku hakuna. Safari yako sisi hatukuipanga na hatuna nguvu ya kuizuia. Lakini jina lako tunalo hapa, na mtoto ni wako. Wewe nenda salama. Yeye mwachie. Nakuomba, baba. Mwachie mama yake."

Kisha akangoja. Sote tulingoja. Kiganja changu kilikuwa juu ya kile kifua, na nilikuwa ninabana pumzi zangu ili yeye apate zaidi. Simu ilikuwa kimya kabisa. Ule ukimya ndio uliokaa nami miaka yote hii. Hata sasa, mtu akinyamaza kwenye simu, mikono hunitoka jasho.

Ndipo sauti ya baba ikaja.

"Amekubali."

Na baada yake nikasikia mashine ya skrubu, ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza. Kila ilipolia nilikandamiza kiganja. Ilipokoma moja kwa moja, kifua kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

Karisa alipona. Daktari alikuwa amebadilisha dawa ya sindano siku iliyotangulia, na mama, aliporudiwa na akili zake za kinesi, alisema ni dawa. Hakulitaja tena jambo lile. Baba alikuja jioni, akamchukua mtoto kifuani akiwa bado na koti la kazi, nami nikaegemea mkono wake. Koti lilinuka plaiwudi mpya na gundi. Nilichukia harufu ile, na wakati huohuo nikalala fofofo, kwa sababu babu alikuwa amekubali. Neno hilo moja ndilo lililonilea. Karisa alipougua tena, kama watoto wote, nilijiambia: alikubali. Alipopotea sokoni Al Rayyan, alipoanguka ngazini, alipoanza kwenda shule peke yake tuliporudi Kenya, nilijiambia: alikubali.

Sasa Karisa amekuja kuishi nami ili asome mjini, ana ndevu za kubahatisha, na mama bado humwita baba mkwe kila anapopiga simu. Baba ndiye aliyemsindikiza. Wiki iliyopita alikuwa verandani nami, tukimtazama fundi, na niliona ile harufu imemfikia yeye pia. Alikuwa ameacha chai yake ipoe. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza.

"Baba, siku ile kwenye simu. Ulijuaje kama amekubali?"

Alizungusha kikombe mezani. Baba amezeeka vizuri, lakini bado huketi ukingoni mwa kiti.

"Sikujua," alisema.

"Ulisema amekubali."

"Mama yako alikuwa anangoja, mwanangu. Ningemwambia nini? Ubao ulikuwa kimya."

Nilihisi kitu nilichokuwa nimekikalia miaka yote kikiondolewa chini yangu. Fundi alikuwa amemaliza kuunga fremu na mbao za pembeni. Akamwita Karisa ajilaze apime urefu. Karisa akaingia mle ndani, akajinyoosha chali kati ya zile mbao mpya, mikono ubavuni, akafumba macho kwa mzaha. Baba alikuwa ameshasimama. Mimi nilikuwa nimefika kabla yake, nimepiga magoti, kiganja changu kifuani kwa mdogo wangu.

"Inuka," nilimwambia. "Inuka sasa hivi."

Akacheka, akainuka.